Kikulacho ki nguoni mwako: Viumbe waliojificha ndani ya watu katika katuni ya Japani

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Katika hadithi ya katuni ya Kijapani iitwayo Kiseijū, ijulikanayo pia kwa jina la Parasyte, adui amekaribia zaidi ya hapo: amevaa sura ya mwalimu, ya jirani, hata ya mama mzazi.

Hadithi hiyo iliandikwa na kuchorwa na Hitoshi Iwaaki. Ilitoka kwa mfululizo katika majarida ya kampuni ya Kodansha hadi mwaka 1995, na ikakusanywa katika vitabu 10. Ilitunukiwa Tuzo ya Manga ya Kodansha mwaka 1993, na Tuzo ya Seiun, itolewayo nchini Japani kwa kazi za kubuni za kisayansi, mwaka 1996.

Kisa chenyewe huanza usiku. Viumbe wadogo kama minyoo, ambao asili yao haielezwi waziwazi, huwaingia watu waliolala, huteka ubongo na kutawala mwili mzima. Kichwa kilichotekwa huweza kufunuka na kuwa makali yakatayo kama panga. Chakula chao ni binadamu.

Mwanafunzi Shinichi Izumi ananusurika kwa bahati. Kiumbe aliyemvamia anashindwa kufika kichwani, anaishia katika mkono wa kulia. Tangu hapo wawili hao wanalazimika kuishi pamoja, na kiumbe anapewa jina la Migi, maana yake "kulia". Mmoja akifa, mwenzake naye hana maisha.

Je, mtu atamtambuaje asiye mtu? Katika hadithi hii njia rahisi ni kumng'oa unywele. Unywele wa kiumbe hujinyonganyonga kama kitu chenye uhai kabla ya kutulia. Mbinu hiyo inapojulikana, wananchi wanaanza kutazamana kwa shaka, kwa maana tabasamu na salamu havitoshi tena kuwa ushahidi wa utu.

Hata hivyo, Iwaaki hakukusudia kutisha tu. Tangu kurasa za kwanza anauliza iwapo wingi wa binadamu si mzigo kwa viumbe wengine wa dunia. Swali hilo linashika kasi pale viumbe hao wanapojipenyeza katika siasa na mshirika wao Hirokawa kuchaguliwa kuwa meya. Askari wanapozingira ofisi za mji, meya huyo anadai kwamba vimelea halisi wa dunia ni binadamu. Anapigwa risasi, na ndipo inapogundulika kuwa yeye alikuwa mtu wa kawaida.

Kinyume chake ni Reiko Tamura, kiumbe mwenye akili nyingi aliyezaa mtoto wa kibinadamu kwa ajili ya uchunguzi tu. Mwishowe anauawa kwa risasi huku akimkinga mtoto huyo kwa mwili wake. Naye Shinichi, baada ya chembe za Migi kusambaa mwilini mwake na kuyaokoa maisha yake, anajikuta haoni tena machozi. Binadamu anakuwa baridi, kiumbe anajifunza huruma.

Pengine ndiyo sababu hadithi hii haikuzeeka. Katuni ya televisheni ilionyeshwa kati ya mwaka 2014 na 2015, sambamba na filamu mbili za Takashi Yamazaki. Mwaka 2024 ulitoka mfululizo wa Korea Kusini, Parasyte: The Grey, ulioongozwa na Yeon Sang-ho.

Hadithi nyingi za wageni wa aina hii humtaka msomaji amwogope mgeni. Hii inamtaka kwanza ajikague mwenyewe. Unywele unaweza kuonyesha nani ni binadamu kwa mwili, lakini hauonyeshi nani ana utu.