Meza Iliporuka

Kisu cha kwanza cha mashine ya milingi nilichovunja kilikuwa cha milimita 10, meno manne. Sikuwa nimemaliza hata mwaka katika karakana yetu pale Gerezani, Dar es Salaam. Ukingo wa chuma nilichokuwa nachonga ulikuwa unatoka na mikwaruzo, nikaona nizungushe mpini wa meza upande wa pili. Tak! Meza ikaruka, kisu kikabaki kipande.

Mzee aliyekuwa akinifundisha hakufoka. "Mwanangu, shika mpini, urudishe nyuma polepole. Meza imeanza kusogea lini?" Nilihesabu alama kwenye duara la vipimo: nusu milimita nzima mpini ulizunguka, meza imetulia tuli. Hiyo ndiyo pleyi, nafasi inayobaki parafujo na nati za meza zikishalika.

Mashine ya milingi huzungusha kisu, meza ikakipelekea kazi. Ukiipeleka kazi ikabiliane na mwendo wa meno, unakata kinyume. Jino husugua kwanza ndipo liume, kwa hiyo chuma hupata moto na makali huisha mapema. Ukiipeleka upande uleule meno yanakokwenda, unakata kwa kufuata: jino linauma penye unene na kutokea penye wembamba, maranda yanabaki nyuma, uso unatoka laini. Mimi hupenda sana kufuata.

Lakini fikiria mkokoteni. Mlimani unausukuma, haukukimbii. Mteremkoni unakuvuta wewe. Kisu kinachofuata huivuta meza hivyohivyo, na penye pleyi meza huruka. Jino lililopangiwa kula milimita 0.05 linapewa nusu milimita kwa mara moja, mlo wa meno kumi. Lazima livunjike.

Mashine zinazoendeshwa na kompyuta zina parafujo za gololi, pleyi karibu hakuna, ndiyo maana huko hufuata karibu kila kazi. Isipokuwa chuma cha kumimina chenye gamba gumu: hapo kinyume ni bora, maana jino huanzia kwenye chuma safi na kulibandua gamba kutoka ndani. Likianza na gamba, makali yanakwisha.

Kwenye mashine yetu kuukuu nakata kinyume mpaka ibaki milimita 0.1. Kisha nakaza kidogo kufuli la meza, mpini uwe mzito mkononi, ndipo nafuata, mara moja tu, polepole.