Kabla Hujaitupa Kompyuta

Kompyuta mpakato ikianza kukokota, wengi wetu hukimbilia kuhesabu fedha za kununua mpya. Tusiwe na haraka. Mara nyingi kinachoichelewesha ni diski yake ya zamani: sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, huku kichwa kidogo kikitafuta kumbukumbu juu yake. Diski ya SSD haina kinachozunguka, ndiyo maana hujibu upesi.

Kwanza nakili mafaili yako mahali pengine. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha tenganisha betri. Gusa chuma kitupu, kwani umeme tuli wa mwilini waweza kuua kifaa bila wewe kuhisi lolote. Skrubu zipange kama zilivyotoka. Ndefu ikiingia pa fupi hutoboa. Memori ya DDR3 haiingii pa DDR4, usiilazimishe. Ukikuta betri imevimba, usiibonyeze wala kuitoboa. Huweza kuwaka moto.

Na ukimpa fundi kazi hiyo, ondoka na diski yako ya zamani. Barua, picha na hesabu zako bado zimo, na kuzifuta tu hakutoshi.