Fahamu: Leseni ya kuvua na kuwinda Texas ni bei gani?

Marekani kila jimbo hutoa leseni zake. Texas, walikohamia Wakongomani wengi wazungumzao Kiswahili, mkazi hulipa dola 30 kuvua kwenye maji baridi na dola 25 kuwinda. Asiye mkazi hulipa 58 na 315. Kwa pengo hilo, usikurupuke: ukishaishi jimboni mfululizo zaidi ya miezi sita, unahesabiwa mkazi.

Leseni hununuliwa mtandaoni au madukani. Nyingi huisha Agosti 31, hivyo anayenunua Julai hulipa bei ileile kwa wiki chache.

Mwindaji aliyezaliwa kuanzia Septemba 2, 1971 hutakiwa pia kupata mafunzo ya uwindaji. Mwenye leseni ya karatasi akiangusha kulungu, papo hapo hutoboa mwezi na tarehe kwenye lebo, kisha humfunga nayo.

Ada hizo zina ulinzi mzuri: sheria ya shirikisho ya 1937 inazuia fedha za wawindaji zisitumike nje ya idara ya wanyamapori, ya 1950 ikawagusa wavuvi.

Watoto chini ya miaka 17 huvua bila leseni. Mzazi asiye nayo awapeleke kwenye bustani za jimbo. Ukivulia ukingoni humo huhitaji leseni, ila kiingilio kinaweza kutozwa.