Lugha na Mtazamo wa Kijana kwa Mzazi

Katika jamii ya Waswahili, mabadiliko ya mtazamo wa kijana kwa mzazi wake hudhihirika katika lugha. Mtoto mdogo husema "baba" na "mama", na maneno hayo humtosha. Akishabalehe, hasa mijini, baba huwa "dingi" au "mshua" Dar es Salaam, na "buda" Nairobi. Ni kosa kuyahesabu majina hayo kuwa matusi. Aghalabu hayatamkwi mbele ya mzazi bali mbele ya rika. Nyumbani kijana huyohuyo huamkia "shikamoo". Kazi yake ni kumweka kijana kando kidogo, apate kumpima mzazi kama anavyowapima watu wengine.

Hatua inayofuata huonekana katika methali. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" haimtaji msemaji wala msikilizaji, na kiambishi *hu-* hulifanya jambo kuwa la kawaida, lisilo na wakati maalumu. Kijana huisikia kama tisho. Mtu mzima aliyekwisha kuanguka huisikia kama ushuhuda: yamkini guu lililovunjika kwanza lilikuwa la msemaji mwenyewe. Maneno ni yaleyale. Aliyebadilika ni msikilizaji. Vivyo hivyo, "uchungu wa mwana aujuaye mzazi" humfungia kijana mlango, hadi siku naye atakapoitwa Baba Fulani au Mama Fulani. Hapo ndipo atambuapo kuwa wazazi wake nao waliishi miaka mingi kwa jina la mtoto.

Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate aliujua umbali huo. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa mawaidha. Akafariki yapata miaka miwili baadaye. Wasia uliotungwa kwa vina na mizani hukaririka na kuhifadhika, nao huweza kumngoja msikilizaji akomae, hata msemaji akiwa hayupo.

Wazazi wengi hawaachi utendi. Ndiyo maana methali isemayo "majuto ni mjukuu" ina uzito: mjukuu huja baada ya mwana, na mara nyingi uelewa nao huja wakati "mzee" amekwisha kuwa "marehemu". Basi mzazi asiyejibiwa leo asidhani kuwa hakusikika. Na kijana aliyeanza kuelewa asingoje mjukuu ndipo aseme.