Je, Wajua? Taa ya Darini Yaweza Kuharibu Muziki Wako

Je, wajua kwamba ala ya elektroniki uliyoiunda nyumbani, ile inayobadili sauti kwa kivuli cha mkono, yaweza kukwaruza ingawa hakuna waya uliolegea? Umeme wa gridi Afrika Mashariki hutetema mara 50 kwa sekunde, hivyo taa nyingi za bei nafuu hung'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde, yaani mara mbili kwa kila mtetemo. Jicho halioni, lakini kihisi mwanga huona, na mtetemo huo huingia kwenye noti. Zima taa, mulika kwa tochi ya betri. Mkwaruzo ukikoma, ala yako ni nzima.

Mlio ukigoma kubadilika hata ukifunika kihisi kwa kidole, chomoa betri, toa mguu mmoja wa kihisi kwenye saketi, kisha pima kwa multimita. Kihisi cha kadimiamu salfaidi husoma omu mamia machache au pungufu juani. Gizani hupanda hadi laki kadhaa, hata milioni. Kipe sekunde chache, maana hakipandi mara moja. Namba ikiganda, kibadilishe.

Noti zikiwa kali mno mchana, kivishe kipande cha mrija mweusi. Tena unganisha nacho rizista ya omu 1,000 kwa mfululizo. Wengi huiacha, nami naiona ya lazima: katika saketi za chipu ya 555, aliyoibuni Hans Camenzind mwaka 1971, ndiyo huzuia mkondo usizidi na kuiunguza chipu jua linapowaka.