Prius inakunywa kulanti? Usikubali injini ifunguliwe!

Wewe unayepandisha Kitonga kwenda Iringa, kisha Mbeya, kaa chonjo! Prius ya toleo la tatu, lililotoka 2009, ina kifaa kwenye ekzosi kinachopasha kulanti kwa joto la moshi. Injini inawahi kupata moto, inazimika mapema, petroli inapona. Kwa baridi ya Mbeya, raha tupu!

Kikitoboka, kulanti inapungua, na pengine chini huoni hata tone: inatoka na moshi mweupe. Fundi mwenye pupa atakwambia, "Gasketi imekwenda!" Pesa zako kwishnei. Mie nasema, mshikaji, kwanza apime presha, akague kifaa hicho. Na injini ikichemka, mfuniko wa rejeta usiguse. Utababuka!