KINGA YA ZAMANI: PIESI ZA BURE ZIKO WAPI?



Hapa kwetu Salamabila kinga si kitu cha mchezo. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, mahali magari yalishindwa kupita, kinga ndiyo ilibeba chumvi, sabuni na wagonjwa. Hata leo wengine kati yetu wanafika masomoni juu ya kinga, na mama mgonjwa anapelekwa hospitali juu ya kiti cha nyuma. Kwa hiyo kinga inayolala nyuma ya nyumba kwa kukosa piesi ni hasara ya jamaa nzima. Piesi mpya zinatoka mbali, na njia ikiharibika kwa mvua bei inapanda. Lakini nyingine ziko hapa hapa. Tuzitafute wapi?

Kwanza, kwenye kinga zilizokufa. Kinga haifi yote siku moja. Ile iliyovunjika kadre inaacha magurudumu, pedali, mnyororo na gidon. Twende kwa mwenyewe, tumwombe kwa heshima. Kama hatoi bure, tumlimie shamba ao tumletee kuni. Tena kwa fundi wa soko kuna rundo la vyuma: tumsaidie kazi jioni moja, pengine atatupa rayo tano. Wakati wa kufungua tukumbuke: pedali ya kushoto inafunguliwa kwa kuzungusha kama mshale wa saa unavyokwenda. Wengi wanalazimisha upande mwingine na kuharibu kila kitu.

Pili, tujue kipimo mbele ya kuomba. Kinga kubwa za Kiingereza, kama Raleigh, na zile za India zilizofuata mfano ule, kwa kawaida ziko na rayo 32 mbele na 40 nyuma. Kinga nyingine ziko na 36 pande zote mbili. Janti ya matundu 36 haipatani na kitovu cha matundu 40. Basi tuhesabu kwanza, na rayo tuzilaze moja kando ya nyingine ili kulinganisha urefu.

Gololi, zile tunazoita bili, katika kinga hizo ni za inchi 3/16 kwenye gurudumu la mbele, na 1/4 kwenye gurudumu la nyuma na kwenye pedalie. Tuzioshe kwa petroli ya taa na kuzitazama juani. Yenye kutu ao kishimo itupwe. Tusichanganye mpya na za zamani mahali pamoja, kwa sababu iliyo kubwa kidogo itabeba uzito peke yake.

Mnyororo nao unapimwa. Pingili 24 za mnyororo mpya ziko na urefu wa milimita 305 hivi. Zikifika 308 umechoka, na ukiuvalisha utakula meno ya gurudumu. Bure yake itakuwa ghali.

Tatu, mipira. Mpira wa ndani uliopasuka hautupwi: unatoa viraka, unatoa utepe wa kufunika vichwa vya rayo ndani ya janti, unatoa kamba ya kufungia mzigo. Kipande cha mpira wa nje kinawekwa ndani ya mwingine uliotoboka. Ndugu zetu wa Goma wanavisha mpira wa zamani kwenye magurudumu ya mti ya chukudu, na chukudu zile zinabeba mamia ya kilo.

Nne, iko bure isiyo bure. Piesi inayouzwa gizani, mwenyewe hajulikani, pengine ni ya jirani aliyelia jana. Tuiache. Vile vile uma wa mbele uliopinda ao wenye ufa, na gidon yenye ufa, tusichukue hata tukipewa. Na kwa fere tusibane pesa: kwenye mtelemko, na mgonjwa nyuma, hakuna nafasi ya kujaribu.

Basi tunashauri hivi: kila darasa liwe na sanduku moja la piesi, pamoja na daftari ya kuandika nani alileta na nani alichukua. Mwenye nati moja alete moja. Na kinga ya kwanza itakayosimama, apewe mwenzetu anayetoka mbali kuliko wote.